Karatasi ya Sita

Tarehe 4 Machi 2013 mpiga kura wa Sigalagala alikabidhiwa karatasi sita. Miaka mitano kabla ya hapo zilikuwa tatu tu: rais, mbunge na diwani. Sasa kulikuwa na gavana, seneta na mwakilishi wa wanawake, na mwisho kabisa, chini ya majina yote makubwa, karatasi ya mwakilishi wa wadi. Watu wengi waliipigia kura hiyo ya sita wakidhani wanamrudisha diwani wa zamani kwa jina jipya. Sheria ilikuwa imebadilika zaidi kuliko walivyojua. Diwani wa zamani aliketi katika baraza ambalo kwa zaidi ya miaka arobaini halikuwa na shule, wala zahanati, wala barabara ya maana mikononi mwake. Huyu mpya alikuwa anakwenda kuketi katika bunge la kaunti lenye uwezo wa kutunga sheria na kupitisha bajeti ya mabilioni ya shilingi.

Sigalagala ni kituo cha soko kando ya barabara kuu ya Kisumu kwenda Kakamega, katika eneo bunge la Ikolomani, nchi ya Waidakho, tawi la Waluhya. Wakenya wengi walijua jina lake kwa sababu ya chuo cha ufundi, ambacho leo ni chuo cha kitaifa na huvuta vijana kutoka kila pembe ya nchi. Anayepita kwa matatu huona majengo ya chuo, maduka, wanabodaboda wakisubiri abiria, na njia za udongo mwekundu zinazoshuka kuelekea vijijini. Siasa ya serikali za mitaa hukaa katika njia hizo zaidi ya mahali pengine popote. Ili kuelewa kilichotokea siku ile ya Machi, yafaa turudi nyuma hadi wakati ambapo sehemu hii iliitwa Kavirondo ya Kaskazini na makao yake makuu yalikuwa yamehamishwa karibuni, mwaka 1920, kutoka Mumias hadi Kakamega.

Mwaka 1921 vijana waliosoma misheni walianzisha Young Kavirondo Association na kulalamikia kodi, kipande na kazi ya lazima. Machi 1922 Harry Thuku, aliyepinga mambo hayohayo, akakamatwa Nairobi, na watu waliokusanyika kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Serikali ya kikoloni iliona ni heri watu wawe na mahali pa kusemea kuliko waunde vyama vyao wenyewe. Mwaka 1924 sheria ikarekebishwa, na kuanzia 1925 Mabaraza ya Wenyeji yakaundwa katika wilaya za Waafrika, Kavirondo ya Kaskazini ikiwemo. Mwenyekiti alikuwa mkuu wa wilaya, Mzungu. Wajumbe wengi walikuwa machifu na wazee waliokubalika kwake. Kura ya siri haikuwepo, na kila azimio lilihitaji idhini ya juu.

Hata hivyo singependa tulidharau baraza lile. Liliweza kutoza ushuru wake na kuamua utumike wapi, na watu wa Kavirondo ya Kaskazini walijua walichotaka, nacho kilikuwa elimu. Walikuwa tayari kujitoza wenyewe, juu ya kodi ya kibanda waliyotozwa na serikali, ili wapate shule isiyokuwa ya misheni. Shule ya Serikali ya Waafrika ilifunguliwa Kakamega mwaka 1932, ndiyo Kakamega School ya leo. Wazee waliokuwa hawajui kusoma walitoa fedha ili wajukuu wasome. Kila ninaposikia mtu akisema kwamba Waafrika walifundishwa serikali za mitaa mwaka 2013, huwakumbuka wazee hao.

Lakini mwaka huohuo wa 1932 baraza lilionyeshwa mwisho wa kamba yake. Mwaka mmoja kabla, dhahabu ilikuwa imegunduliwa karibu na Kakamega, na mamia ya Wazungu, wengi wao walowezi waliofilisishwa na mdororo wa uchumi wa dunia, walikuja na majembe na mahema. Walichimba katika mashamba ya watu, katika nchi ya Waidakho na Waisukha na kwingineko. Sheria ya ardhi ya wenyeji iliyopitishwa mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi hiyo ni ya Waafrika milele. Kwamba kipande kikichukuliwa kwa manufaa ya umma, kipande kingine cha thamani sawa kitatolewa badala yake. Na kwamba Baraza la Wenyeji lazima lishauriwe kwanza. Desemba 1932 sheria hiyo ikarekebishwa kwa haraka. Fidia ya ardhi kwa ardhi ikaondolewa, ikawa fedha. Ulazima wa kulishauri baraza ukaondolewa pia. Ahadi ya milele ilikuwa imedumu miaka miwili.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kiini cha historia nzima ya mabaraza katika nchi hii. Mkoloni hakulivunja baraza. Aliliona linafaa likijadili madawati na minada ya ng'ombe. Jambo zito lilipofika, yaani udongo wenyewe ambao watu walisimama juu yake, sheria ikabadilishwa Nairobi na London ili wajumbe wale wasiulizwe. Mgodi wa dhahabu wa Rosterman ulichimbwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha Wazungu wakaondoka wakaacha mashimo.

Uhuru ulipokaribia, swali likarudi kwa nguvu: nani aamue nini, na akiwa wapi? Chama cha KADU kilitaka majimbo, kikihofia kwamba serikali moja yenye nguvu Nairobi ingewameza watu wa makabila madogo. KANU ilitaka umoja wa nchi chini ya serikali kuu. Masinde Muliro, aliyekuwa ameingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kura za Nyanza Kaskazini, ndiyo Kavirondo ya Kaskazini ya zamani, mwaka 1957, alikuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa KADU. Waluhya wengi walitaka kutenganishwa na Nyanza, na tume ya mipaka ya mwaka 1962 ikawapa Mkoa wa Magharibi, makao yake Kakamega. Kati ya tarehe 18 na 26 Mei 1963 watu walipiga kura mara tatu: Baraza la Jimbo, Seneti, na Baraza la Wawakilishi. Aliyepiga kura Ikolomani wakati huo aliona, kwa mara ya kwanza, serikali yenye ngazi mbili zilizotajwa na katiba.

Ilidumu muda mfupi sana. Serikali kuu haikuwa na haja ya kuyaua majimbo kwa mapigo. Ilitosha kuchelewesha fedha na watumishi. Novemba 1964 KADU ilijivunja na kujiunga na KANU, na tarehe 12 Desemba mwaka huo nchi ikawa jamhuri. Majimbo yakabadilishwa kuwa mikoa ya kawaida, mabaraza yake yakapunguzwa na baada ya miaka michache yakafutwa. Seneti nayo ikaunganishwa na Bunge.

Kilichobaki kilikuwa mabaraza ya wilaya yaliyoitwa county councils, na Baraza la Kakamega likiwa miongoni mwayo. Mwanzoni yalikuwa na kazi halisi: shule za msingi, zahanati, barabara za vijijini. Mzigo ulikuwa mkubwa kuliko mapato. Kodi haikukusanywa ipasavyo, na walimu katika sehemu nyingi za nchi walikaa bila mishahara. Badala ya kuyaongezea mapato, serikali iliyanyang'anya kazi. Sheria ya mwaka 1969 ilihamisha elimu ya msingi, afya na barabara kutoka mabaraza ya wilaya hadi wizarani kuanzia tarehe 1 Januari 1970. Manispaa kubwa zilisazwa. Wilaya za vijijini, kama hii, hazikusazwa. Baada ya miaka michache kodi ya kichwa, ambayo ilikuwa uti wa mapato ya mabaraza hayo, ikafutwa pia.

Tangu hapo baraza lilikuwa ghala lililobaki na kufuli bila mahindi. Uchaguzi uliendelea kama kawaida. Madiwani waligombea, walishinda, waliapa, walivaa mkufu. Walichokuwa nacho ni ushuru wa soko, ada za leseni, choo cha stendi na ugawaji wa vibanda. Mama mwenye mboga Sigalagala au Khayega alilijua baraza kwa sura ya mtu wa risiti aliyekuja asubuhi kabla hajauza kitu. Mwaka 1988 hata mchujo wa kura ulifanywa kwa mlolongo, watu wakipanga foleni nyuma ya mwaniaji au wakala wake, na wenye foleni fupi wakatangazwa washindi katika sehemu nyingi. Vyama vingi viliporudi na uchaguzi wa Desemba 1992, ushindani uliongezeka lakini kazi za baraza hazikuongezeka.

Jirani zetu wa Tanzania walifanya wazi kile Kenya ilichofanya kwa kificho. Mwaka 1972, katika sera ya madaraka mikoani, Tanzania Bara iliyafuta mabaraza ya wilaya kabisa na kuweka watumishi wa serikali kuu mahali pake. Huduma zilizorota, na baada ya sheria ya mwaka 1982 mabaraza yakarudishwa. Kenya haikuyafuta. Iliyaweka, ikiyachagulia watu kila miaka mitano, huku maamuzi yakifanywa na mkuu wa wilaya ofisini mwake. Sijui ni njia ipi iliyowadhuru watu zaidi, lakini hii ya kwetu ilizoesha vizazi viwili kumchagua mtu asiyeweza kufanya kitu, kisha kumlaumu kwa kutofanya.

Wakati huohuo wilaya zilikatwakatwa. Vihiga ilitolewa katika Kakamega mwaka 1990. Lugari na Butere-Mumias zikafuata mwishoni mwa muongo huo. Kila wilaya mpya ilipokelewa kwa ngoma, kwa sababu ilimaanisha ofisi, ajira na bendera karibu na nyumbani, hata kama mipaka ilichorwa kwa kuangalia kura za chama tawala. Baadaye fedha kidogo zikaanza kushuka. LATF, hazina ya serikali za mitaa, iliyatengea mabaraza asilimia 5 ya kodi ya mapato, na mwaka 2003 ikaja CDF, hazina ya maendeleo ya maeneo bunge. CDF ndiyo iliyobadilisha siasa ya vijijini zaidi, kwani ilimgeuza mbunge kuwa mjenzi wa madarasa, na hadi leo watu humpima kwa mabati na simenti kuliko kwa sheria anazotunga.

Kisha ikaja kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010. Asilimia 67 ya waliopiga kura walikubali katiba mpya, na tarehe 27 Agosti ikatangazwa rasmi. Ilifuta mikoa, ikaunda kaunti 47, na ikaandika katika Jedwali la Nne kazi za kila ngazi. Kaunti ya Kakamega ilirudisha pamoja Lugari na Butere-Mumias, lakini Vihiga ikabaki kaunti yake. Halmashauri ya Kaunti ya Kakamega, ile ya Butere-Mumias, ile ya Lugari na manispaa za Kakamega na Mumias zote zilikuwa zinakwenda kufungwa. Nchini kote mabaraza yaliyofungwa yalikuwa 175.

Tume ya uchaguzi, IEBC, ilichapisha mipaka mipya Machi 2012: maeneo bunge 290 na wadi 1,450. Kakamega ilipata maeneo bunge 12 na wadi 60. Ikolomani, yenye watu wapatao laki moja katika sensa ya 2009, iligawanywa wadi nne: Idakho Kusini, Idakho Mashariki, Idakho Kaskazini na Idakho ya Kati. Ukigawa watu hao kwa nne utaona kwamba mwakilishi mmoja aliwekewa watu elfu ishirini na tano hivi. Kata ndogo za madiwani wa zamani, ambamo mtu alimjua diwani wake kwa ukoo na kwa mlango, zilimezwa ndani ya wadi kubwa. Jambo hili halikuzungumzwa vya kutosha wakati ule. Tulisema serikali inashuka kwa wananchi, na kwa fedha na mamlaka ilishuka kweli; lakini mtu mwenyewe wa kuchaguliwa alisogea mbali kidogo.

Mabadiliko ya namna hii yamefanyika kwingine, na mfano wa Uskoti unafaa kutazamwa kwa sababu ya jinsi walivyopanga muda. Tume ya Lord Wheatley ilitoa ripoti mwaka 1969, ikasema mabaraza zaidi ya 400 ya nchi ile ndogo yamepitwa na wakati. Sheria ya mwaka 1973 ikaweka mikoa 9, wilaya 53 na mabaraza 3 ya visiwa. Uchaguzi wa mabaraza hayo mapya ulifanywa Mei 1974, lakini hayakukabidhiwa kazi hadi Mei 1975. Mwaka mzima yale ya zamani yaliendelea kuzoa taka na kulipa walimu, huku madiwani wapya wakiajiri wakuu wa idara, wakigawana majengo na madeni, na kujifunza kilichomo ndani ya mafaili. Walipobadilisha tena, wakavunja mikoa na wilaya hizo ili kuwe na ngazi moja, walifanya vilevile: uchaguzi Aprili 1995, makabidhiano Aprili 1996. Nako pia serikali ya London ndiyo iliyoamua. Mkoa wa Strathclyde, uliokuwa na karibu nusu ya Waskoti wote, uliendesha kura ya posta mwaka 1994 kuhusu maji. Asilimia 97 ya waliopiga walikataa mpango wa serikali wa kuyaondoa maji mikononi mwa mabaraza. Miaka miwili baadaye mkoa wenyewe haukuwepo. Anayefikiri kwamba ni Afrika tu ambapo serikali kuu hulivunja baraza linalojibu mdomo, aisome habari hiyo.

Kenya haikujipa mwaka wa kujifunza. Mabaraza ya zamani yalikwisha na uchaguzi wa Machi 2013. Mamlaka ya Mpito, iliyoundwa mwaka 2012, ilituma waratibu wa muda katika kaunti kushika funguo na kuhesabu mali, lakini gavana na wawakilishi waliapishwa Machi hiyohiyo na kukuta ofisi zisizo na mawaziri, sheria wala bajeti. Mpango wa katiba ulikuwa kazi zihamishwe polepole katika muda wa miaka mitatu. Magavana hawakutaka kusubiri, na hofu yao ilikuwa na sababu: walikumbuka majimbo ya 1963 yalivyokaushwa kwa kucheleweshewa fedha. Tarehe 9 Agosti 2013 gazeti rasmi likahamisha sehemu kubwa ya kazi hizo kwa mkupuo mmoja. Kwa mwaka wa fedha 2013/14 kaunti zote zilitengewa shilingi bilioni 210, bilioni 190 zikiwa mgao wa kikatiba, na Kakamega ikapata takriban bilioni 6.5 za mgao huo. Mimi nawaunga mkono waliosukuma. Makosa mengi yalifanyika kwa sababu ya haraka ile, watumishi wakalipwa mara mbili au wasilipwe, hospitali zikakosa dawa. Lakini kama wangengoja miaka mitatu, huenda leo tungekuwa tunaandika juu ya kaunti kama tunavyoandika juu ya majimbo.

Siku yenyewe ya kura ilikuwa ndefu. Mashine za kutambua wapiga kura kwa alama za vidole zilikwama katika vituo vingi nchini na makarani wakarudi kwenye daftari la karatasi. Foleni zilianza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Asilimia 86 ya waliojiandikisha nchini walijitokeza. Watu walizitofautisha karatasi zao sita kwa rangi: bluu ya gavana, njano ya seneta, kijani ya mbunge. Katika nchi ya Waluhya kura ya urais ilikuwa imevuta watu pande mbili, wengine kwa Raila Odinga na wengine kwa Musalia Mudavadi, na mgawanyiko huo ukashuka hadi chini. Matokeo ya Kakamega yaliuonyesha vizuri. Wycliffe Oparanya wa ODM, chama cha Odinga, mbunge wa Butere aliyekuwa waziri wa mipango, akawa gavana wa kwanza. Boni Khalwale, mbunge wa Ikolomani tangu 2002 na mpenzi mkubwa wa mchezo wa fahali, akaenda Seneti kwa tiketi ya UDF, chama cha Mudavadi. Kiti chake cha ubunge kikachukuliwa na Bernard Shinali. Mwakilishi wa wanawake akawa Rachel Amolo.

Katika ngazi ya wadi wanawake hawakufanya vizuri. Nchini kote waliochaguliwa kwa kura walikuwa 82 kati ya 1,450. Viti vya uteuzi viliongezwa ili kutimiza sharti la jinsia, lakini mwanamke aliyeteuliwa na chama hana wadi ya kusimama mbele yake, na wanaume wa bungeni hawakuchelewa kumkumbusha hilo.

Basi karatasi ya sita ilileta nini Sigalagala? Simama stendi na utazame huku na huku. Barabara ya lami unayosimama kando yake ni ya serikali kuu, chini ya shirika la barabara kuu. Chuo cha kitaifa ni cha serikali kuu. Njia ya udongo inayoshuka kijijini ni ya kaunti kwa kiasi kikubwa. Soko ni la kaunti. Zahanati ni ya kaunti, pamoja na muuguzi na dawa zake. Darasa la chekechea ni la kaunti na mwalimu wake huajiriwa na kaunti. Darasa la kwanza lililo hatua ishirini kutoka hapo ni la serikali kuu, mwalimu wake ni wa TSC, tume ya kuajiri walimu, na jengo lenyewe mara nyingi limejengwa kwa fedha za mbunge. Vyuo vidogo vya ufundi vya vijijini vilikwenda kaunti, kikabaki chuo kikubwa cha Sigalagala upande wa pili wa mstari. Mzazi mmoja anaweza kuwa na watoto watatu, kila mmoja chini ya ofisi yake, katika eneo analolitembea kwa miguu asubuhi moja.

Mgawanyo huu una mantiki yake, lakini kampeni haziuelezi. Mwaniaji wa wadi huahidi nguzo za stima, ambazo hazimo katika mamlaka yake. Mwaniaji ubunge huahidi dawa zahanatini. Mpiga kura hukubali yote, kisha baada ya miaka miwili hamjui wa kumdai. Mwakilishi wa wadi kisheria hana mfuko wa kujenga. Kazi yake ni kupitisha bajeti, kutunga sheria za kaunti na kumhoji gavana na mawaziri wake. Lakini nani humpigia kura mtu kwa sababu alihoji ripoti ya mkaguzi? Watu humtaka aje na karo, aje na jeneza, aje na mchango wa harusi. Wengi wa wawakilishi hawa hushindwa kurudi kwenye kiti, na wale wanaofanya kazi hasa waliyopewa na sheria huwa hatarini zaidi.

Na bado nasema kitu kilibadilika, na kilibadilika kwa wanyonge kwanza. Serikali ya kwanza ya kaunti ilianzisha mpango wa afya ya mama na mtoto, ambao wananchi waliuita Oparanya Care, kwa kushirikiana na UNICEF. Mama mjamzito asiyejiweza alipewa shilingi 2,000 kwa kila awamu akihudhuria kliniki, akijifungulia hospitalini na kumpeleka mtoto chanjo, awamu sita, jumla 12,000. Fedha hizo zilikuwa nauli ya boda na sukari ya nyumbani, na zilimtoa mama mikononi mwa bahati. Hakuna mkuu wa wilaya aliyewahi kupitisha jambo kama hilo Kakamega, kwa sababu hakuwa na mpiga kura wa kumwogopa. Mpango ule ulipitia bunge la kaunti, yaani ulipitia mikononi mwa watu wa karatasi ya sita.

Kwa haki hiyohiyo lazima yatajwe yaliyoharibika. Wauguzi nchini waligoma miezi mitano mwaka 2017, serikali kuu na kaunti zikitupiana lawama juu ya nani alipe. Hospitali kubwa ya rufaa iliyoanzishwa mjini Kakamega ilibaki gofu la zege kwa miaka. Fedha kutoka Nairobi huchelewa miezi, na kila zinapochelewa ninasikia mwangwi wa 1964.

Mwaka 2022 Kakamega ilipata kisa chake cha pekee. Usiku wa kuamkia kura ya tarehe 9 Agosti, mwenyekiti wa tume Wafula Chebukati alitangaza kwamba karatasi za ugavana za Kakamega na Mombasa zilichapishwa na makosa ya picha na majina ya wawaniaji. Kura hiyo ikaahirishwa. Watu wa Sigalagala walipiga kura tano siku ile, wakamchagua mwakilishi wa wadi, na wakarudi tarehe 29 Agosti kwa karatasi moja. Fernandes Barasa wa ODM akamshinda Cleophas Malala wa ANC, ambaye safari yake ya siasa ilikuwa imeanzia kwenye uwakilishi wa wadi mjini Kakamega mwaka 2013, kisha akawa seneta mwaka 2017. Huyo ni mtu aliyepandia ngazi ya chini kabisa hadi akakaribia kiti cha juu, jambo ambalo diwani wa zamani hakuliota.

Dhahabu imerudi pia. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha akiba kubwa katika Ikolomani, huko Isulu na Bushiangala, ambako wenyeji wamekuwa wakichimba kwa mikono kwa muda mrefu na wengi wamefukiwa na udongo. Chini ya Sheria ya Madini ya 2016, mrabaha hugawanywa asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali. Leseni hutolewa Nairobi. Ni zaidi ya waliyopewa wazee wa 1932, na sheria sasa inataka wananchi washirikishwe kabla ya mgodi kufunguliwa. Mwakilishi wa wadi hana kalamu ya kutia sahihi leseni, lakini anao ukumbi wa kusemea wenye kumbukumbu rasmi, na mjadala huo hauwezi kufutwa kwa marekebisho ya siku moja kama ulivyofutwa wa baraza la 1932. Katiba ingelazimika kuguswa kwanza.

Mipaka ya wadi nne za Ikolomani ni ileile ya Machi 2012. Katiba inataka ipitiwe kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili, na muda huo ulikwisha Machi 2024 wakati tume haikuwa na kamishna hata mmoja. Makamishna wapya waliapishwa Julai 2025, chini ya Erastus Ethekon. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Vijana waliozaliwa Sigalagala baada ya kura ya 2007 na watakaokuwa wametimiza miaka kumi na minane watapewa karatasi sita siku hiyo, bila kumbukumbu ya wakati zilipokuwa tatu.